Mwanamuke wa Fasi Tatu

Kila kitu kiliharibika Jumamosi, tarehe nane ya mwezi wa saba, mwaka 2023, kule Mumosho, katika uwanja wa Muzee Isidore. Asubuhi ya siku ile nilikuwa mwanaume mwenye furaha. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Furaha ilikuwa imenihama zamani, na mimi mwenyewe nilishangaa kuiona inarudi. Nilikuwa nimenyoa ndevu, nimevaa koti la kijivu, na nyuma ya gari tuliyokodi bidoni za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, zilikuwa zinagongana kila tukipita shimo. Na mashimo, Mungu wangu! Toka Panzi mpaka Mumosho ni shimo juu ya shimo. Wakubwa wanapita hapo katika jeep zao, vioo vimefungwa, halafu wanatuambia barabara inaendelea vizuri.

Nilikuwa naenda kumuomba Pascaline.

Acha nikuambie kwanza Pascaline alikuwa nani kwangu, maana nikianza na kilio hautajua nililia nini.

Mimi ni menuisier, nafanya milango na vitanda hapa Kadutu, mujini Bukavu. Bibi yangu Marcelline, mama wa watoto wangu, alinifia njiani. Tulikuwa tunamutoa kwetu Mwenga akiwa mugonjwa, tunamuleta hospitali Bukavu, na gari ikazama katika matope mpaka kwenye milango. Vijana walisukuma, wakachimba, wakaweka majani na mawe. Marcelline alikuwa ananiuliza kwa sauti ndogo, "Tumefika?" Nikamuambia tumefika. Hatukufika. Kila uchaguzi wanakuja kutuahidi ile barabara, kila uchaguzi tunapiga makofi, na bibi yangu akafa katika ile ahadi. Tulimurudisha tukamuzika kwetu. Wazee wakaacha fasi wazi pembeni ya kaburi lake, wakaniambia, "Stanislas, hapa ni pako." Toka siku ile, mutu akiniambia yeye ni honorable, ni président, ni nani, mimi naangalia viatu vyake tu, kama vina matope.

Niliishi vile, nikigonga misumari, bila kusema na mutu. Halafu akaja Pascaline.

Alitaka meza ya kuuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Alisimama mulangoni mwa atelier yangu ya mbao, kikwembe cha kijani kimefungwa kiunoni, harufu ya ziwa ikaingia naye. Hakuwa kijana tena, na mimi pia. Alikuwa na macho fulani, sijui nikueleze namna gani, macho yanayokungoja umalize kusema hata kama hujaanza.

"Papa menuisier, meza yangu iwe ya nguvu. Wamama wenzangu wanapenda kuja kuegemea wakinipa habari zao, na habari zao ni nzito."

Nikafanya meza. Nikaipeleka mwenyewe sokoni. Kesho yake akarudi.

"Papa Stani, meza yako inacheza rumba."

"Meza yangu haichezi. Ni soko lenu ndilo linacheza. Hapo chini hakuna fasi ya sawa."

"Basi kuya ufundishe soko kusimama."

Nikaenda. Nikapiga goti katika matope, nikaingiza kipande cha mbao chini ya muguu mumoja wa meza, ikatulia. Akanikaangia sambaza kidogo, akazinyunyizia pilipili, akanipa katika jani la ndizi. Nikala nimesimama. Baada ya mvua mbili, meza ikaanza tena kucheza. Nikarudi. Ikatulia. Ikacheza. Nikarudi. Ikawa njo desturi yetu. Asubuhi kabla ya kufungua atelier napita sokoni na kipande cha mbao mufukoni, kama daktari na sindano yake, na wamama wa samaki wananiona kwa mbali wanaanza kuimba, "Docteur wa meza anafika, mugonjwa iko tayari!" Pascaline anajifanya hasikii. Anageuka, anapanga sambaza zake ambazo ziko tayari zimepangwa.

Asubuhi zile! Ukungu bado juu ya ziwa, makaa yanaanza kushika, na yeye ananiuliza, "Ulilala?" Hakuna mutu aliyekuwa ananiuliza tena kama nililala.

Polepole akanieleza maisha yake. Alizaliwa Mumosho. Akaolewa Idjwi, akakaa kule kisiwani miaka mingi, akalima, akavuka ziwa na mizigo, akasahau hata namna ya kuongea kama watu wa kwao. Bwana yake akafa na ugonjwa wa ini. Mutoto hakukuwa. Matanga yalipoisha, wakwe walikaa kikao, wakamuambia, "Mama, wewe ni mutu wa Mumosho, rudia kwenu." Wakamupandisha katika boti na matela yake, godoro la kulalia. Kufika Mumosho, akaomba baba yake mukubwa, Muzee Isidore, kipande cha shamba apande muhogo. Muzee akamujibu, "Mutoto wangu, wewe uliisha olewa. Wewe ni mutu wa Idjwi."

"Njo nikakuja Kadutu," akaniambia, "juu sambaza haziulize mutu kwao ni wapi."

Alicheka akisema hivyo. Mimi sikucheka. Nilitaka kushika mukono wake, lakini mikono yangu ilikuwa na gundi.

Kingine lazima ukijue: alikuwa na mudomo. Watu wa taxe wakifika sokoni kudai kodi, wamama wote wanamutazama yeye. Anajipangusa mikono, anasimama mbele yao, anawauliza kwa adabu, "Papa, ile ya jana ilienda wapi? Bomba la maji mulilotuahidi liko wapi? Tuoneshe, tulipe na ya leo." Nilimuona siku moja anawarudisha vile, bila tusi hata moja, na moyo wangu ukaruka kama wa kijana.

Nilimuomba siku ya mvua, chini ya bâche yake, turubai la kuzuia maji, nikiwa nimepiga goti pembeni ya muguu wa meza.

"Pashcashi, minatakha tuowane."

"Unasema nini?"

"Minashema..."

"Stanislas, toa kwanza misumari mudomoni."

Nikatoa misumari. Maneno nayo yakapotea. Nikabaki namutazama kutoka chini, maji yananidondokea shingoni. Akainama, akanipangusa uso na pembe ya kikwembe chake.

"Nilisikia," akasema. "Fanya haraka ukamuone baba mukubwa, mbele meza hii haijaoza."

Sasa unaelewa nilikuwa nani asubuhi ya ile Jumamosi.

Tulipokelewa vizuri. Viti vya upande wetu vilipangwa chini ya paa la tôle, vya upande wao vinatutazama. Kaka yangu mukubwa, Gaston, njo alikuwa musemaji wetu. Gaston ni mutu wa maneno mengi, na alikuwa amejitayarisha siku nzima mbele ya kioo. Upande wao alikuwa Muzee Isidore na fimbo yake, pamoja na dada yake, tante Eulalie, mwanamuke munene mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake.

"Asinge!" akatusalimia kwa Mashi, luga ya kwao, halafu akanigeukia. "Huyu njo docteur wa meza?"

"Ni mimi, tante."

"Maskini! Hakuna aliyekuambia? Kale kabao kako, Pascaline mwenyewe alikuwa anakatoa chini ya meza! Mvua ikinyesha, anasema ni mvua. Bila mvua, anakavuta na muguu."

Uwanja wote ukacheka. Pascaline alikuwa mulangoni mwa nyumba, amevaa libaya mupya, nguo ya rangi ya dhahabu. Akajificha uso, lakini kati ya vidole jicho moja lilinitazama. Nikuambie ukweli, kama Mungu angenichukua dakika ile ningemushukuru.

Kisha ikafika jeep.

Akashuka mwanaume wa suti ya buluu, viatu vinang'aa bila hata vumbi, na huo ni mwezi wa saba, vumbi mpaka katika meno. Muzee Isidore akasimama haraka kuliko alivyosimama kwa ajili yetu. "Karibu, Président!" Akamupa kiti cha mbele. Gaston akaniinamia sikioni.

"Ni nani?"

"Sijue."

"Ni Président Delphin," jirani akatunong'onezea, "mukubwa wa chama huku kwetu. Wanatafuta wagombea."

Nikadhani amekuja kunywa. Wakubwa hawakosi pombe ya watu wengine.

Gaston akaanza. Akasalimia, akatania, akasema tumeona ua katika uwanja huu, na mambo yote wanayosemaka siku kama ile. Halafu akafika kwa yale maneno ambayo babu zetu walisema, baba zetu walisema, na hakuna aliyewahi kuyachunguza.

"Wazee wa Mumosho, mutupe huyu mutoto, na tangu leo mumusahau! Damu yake ni yetu, jina lake ni letu, mifupa yake italala Mwenga. Mukimuona njiani, semeni, yule ni mutu wa Mwenga anapita!"

Upande wetu tukapiga makofi. Ndivyo inavyosemwa. Ni namna ya kuonesha kama tunamupenda mutoto wa watu.

Pascaline akatoka na kikombe cha kasiksi. Huko kwao, musichana anaonja kwanza, halafu anamupa baba. Baba akinywa, neno limekubaliwa. Asipokunywa, hamukuja, hamukusema kitu. Akaonja. Nikaona ile pombe inapita kooni mwake. Akapiga goti mbele ya Muzee Isidore, akanyoosha kikombe kwa mikono mbili.

Président Delphin akakohoa.

"Muzee, ngoja kidogo."

Akamuinamia sikioni. Aliongea kwa muda. Na mukono wa muzee, ule uliokuwa umeanza kunyooka, niliuona unarudi polepole juu ya fimbo.

"Kuna nini?" Gaston akauliza.

"Hakuna ubaya, wazee wangu," Delphin akasimama, anatabasamu. "Ni bahati! Sheria ya uchaguzi inasema liste ya wagombea ikiwa na wanawake nusu, chama hakitoe caution, ile pesa ya dhamana. Na wanawake wenyewe tunawataka watoto wa fasi, wenye kujulikana. Huku Kabare, eneo lenu, hatujapata. Nilisikia sifa za maman Pascaline mpaka ku beach, kule boti za samaki zinafika. Lundi, kesho kutwa, tunafunga liste. Nilikuwa nimemuandika hapa kama mutoto wa Mumosho. Lakini kama leo anakuwa mutu wa Mwenga, damu na mifupa, mbele ya watu wote hawa..." Akafungua mikono. "Kesho wapinzani watasema tumesimamisha bibi ya Barega, watu wa Mwenga. Hakuna kura hata moja."

"Kumbe mulikuwa hamujue kama wanawake tuko?" tante Eulalie akamuuliza. "Mupaka caution njo iwaoneshe?"

Watu wakacheka kidogo. Muzee hakucheka.

"Nyamaza, Eulalie. Hii ni heshima ya jamaa. Mutoto wetu kuwa député bungeni! Damu yetu!" Akatugeukia. "Wakwe zangu, sisemi hapana. Nasema mungoje."

"Tungoje mpaka lini?" nikauliza. Muchumba hasemi siku ile, ni musemaji tu, lakini mudomo ulijifungua wenyewe.

"Akipita, ni mandat ya miaka tano," Delphin akanijibu. "Ao... muoane kimya-kimya. Bila watu, bila picha. Nani atajua?"

Pascaline alikuwa bado amepiga goti, kikombe mikononi. Akageuza kichwa, akamutazama yule mwanaume.

"Mimi si mwizi, Président. Sitaingia kwa bwana yangu kwa dirisha."

Neno "bwana yangu" lilinifikia pale kwenye kiti. Ninalo mpaka leo.

Tante Eulalie akajipiga kofi magotini. "Mbona munatafuta shida? Mumupeleke kwa liste ya Mwenga! Si mumesema tangu leo ni wenu? Asimamie kule."

Wote tukamutazama Gaston. Gaston akarekebisha kravati.

"Aa, mama, ile ni jambo ingine. Kule kwetu tuko na mabinti wetu. Mwanamuke wa kuya tu, hata kikwetu hasikie, asimame mbele ya wazee wa Mwenga? Watatucheka."

"Tonton Gaston," Pascaline akamuambia polepole, "sasa hivi ulisema mimi ni wenu mpaka mifupa."

"Ni... ni maneno ya ndoa, mama. Ndivyo inavyosemwa."

"Basi mifupa yangu ni yenu, lakini mudomo wangu hapana?"

Hakuna aliyecheka sasa. Pascaline akasimama. Kasiksi ikatikisika ndani ya kikombe, haikumwagika.

"Baba mukubwa. Nilipokuomba shamba, uliniambia mimi ni mutu wa Idjwi."

"Ilikuwa zamani, mutoto wangu..."

"Idjwi waliniambia mimi ni mutu wa Mumosho, wakanipandisha boti na matela. Leo tonton Gaston amenipeleka Mwenga, halafu mbele sijafika, amenirudisha. Na wewe leo unasema damu yetu. Damu yetu ni tangu jeep ifike? Niko tu nauliza. Mukinitaka kulima, mimi si wenu. Mukinitaka ku liste, mimi ni wenu. Muko wazee hapa, muko wenye akili. Nani kati yenu anaweza kuniambia mimi ni mwanamuke wa wapi?"

Muzee Isidore akatazama fimbo yake. Gaston akatazama bidoni. Président akatazama telefone. Mimi, maskini, nilimutazama yeye. Nilimuona vile alivyokuwa mbele ya watu wa taxe, na nikajua, kwa uchungu, kama Président wa viatu safi hakukosea. Yule mwanamuke angefaa. Nilimuchukia yule mutu zaidi juu hakukosea.

Pascaline akaweka kikombe juu ya meza, kimejaa. Hakumupa muzee, hakukirudisha kwetu. Akatoka kwa njia ya uwanja na viatu vyake vipya.

Nikamufuata. Gaston akaniita, "Stanislas, haya, heshima!" Sikugeuka.

Nilimukuta kwenye kona ambapo ardhi inashuka kwa muto Ruzizi. Chini maji yalikuwa yanapiga kelele katika mawe. Upande wa pili ni nchi ya wengine, migomba ileile, moshi uleule. Alikuwa amesimama anashika viatu mukononi, miguu katika vumbi.

"Libaya itachafuka," nikamuambia.

"Iache."

Zamani tukinyamaza sokoni, kimya chetu kilikuwa kizuri, kama kikwembe kilichotandikwa juu ya watu wawili. Kile cha pale Mumosho kilikuwa na baridi.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza. "Kama watakuja?"

"Walinitafuta ku beach wiki hii. Niliwaambia nitafikiri. Sikujua watafika leo. Sikujua baba mukubwa alishawapa jina langu."

"Na ulifikiri nini?"

Akapangusa vumbi juu ya viatu alivyoshika.

"Stani, nataka kwenda."

"Kwa wale? Pascaline! Wale ambao..." Nikaonesha nyuma, kwa jeep. "Unajua Marcelline alikufa wapi."

"Ninajua. Njo nataka kwenda."

"Wanakutafuta juu ya caution tu! Wewe ni kama jiwe la kujaza shimo."

"Ninajua pia. Unadhani sijue kuhesabu? Lakini wamefungua mulango. Wameufungua kwa ubaya wao, sawa. Mimi nitaingia kwa sababu yangu."

"Mulango ule ni wa contreplaqué, mbao za gundi. Mvua moja tu, unavimba."

Akacheka, hata pale, machozi yakiwa tayari. "Menuisier wangu. Basi nitakuita uutengeneze."

"Mimi sicheki."

"Na mimi sicheki." Akanikaribia. Akashika kola ya koti langu la kijivu, akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. "Sikia. Nakupenda. Sijapenda mutu hivi, hata yule wa Idjwi, Mungu amusamehe na mimi anisamehe. Kale kabao nilikuwa nakatoa, ndiyo. Siku zingine hata mbele haujafika ku atelier nilishakatoa. Ungeniuliza saa hii tukimbie, tulale Bukavu, tuoane kesho ku parokia, moyo wangu ungeenda mbele yangu."

"Basi tuende."

"Halafu Lundi nakuwa mutu wa Mwenga. Na watu wa Mwenga wananiambia mimi ni wa kuya. Nikikosa wewe, Mungu apishe mbali, wananipandisha gari na matela. Stani, nina matela moja tu. Imezeeka kusafiri."

Nilitaka kumuambia kama mimi ningewakataza, kama ningesimama mbele ya gari. Lakini mufu hasimami mbele ya gari. Marcelline aliniachia ile hekima.

"Kwa hiyo Lundi utaenda," nikasema.

"Nitaenda. Nitaandika, nimezaliwa Mumosho. Sitaandika kitu kingine."

"Na mimi ningoje miaka tano. Nitakuwa muzee wa fimbo."

"Haulazimishwe kungoja." Sauti yake ikawa ndogo. "Kuna njia ingine. Naogopa kukuambia, utakasirika."

"Sema."

"Baba mukubwa leo ana haya. Mbele ya watu wote. Nikimuomba shamba leo, hawezi kunikatalia, hata Président atamusukuma. Nitajenga pale juu, unaona, fasi ya ile migomba. Nitakuwa na nyumba yangu kwetu." Akaachia kola. "Kuya wewe."

"Nikuye namna gani?"

"Kuya Mumosho. Wewe njo uhame. Leta mashine yako na mbao zako, huku watu wanahitaji milango. Utakaa kwangu. Watu watasema, yule ni bwana ya Pascaline, ni mutu wa kwetu. Wapinzani watakosa la kusema, na hakuna atakayenipandisha gari tena."

Nikuambie nilichokiona dakika ile? Nilimuona Gaston. Nilimuona anasimama mbele ya wazee wa Mwenga na kuwaambia mudogo wake ameolewa. Kwetu mwanaume anayehamia kwa mwanamuke wanamuimbia hata wimbo, na si wimbo muzuri. Niliwaona watoto wangu. Niliona ile fasi wazi chini ya kilima, pembeni ya Marcelline, nyasi zimeota, inaningoja. Na niliona pia meza, makaa, ukungu, na mutu ananiuliza kama nililala.

Yote ile ilikuja pamoja, ikajaa mudomoni kama misumari.

"Pascaline..."

"Usijibu mbio. Sitaki jibu la huruma."

Nyuma yetu jeep ikawaka. Delphin akasimamisha pembeni, akafungua mulango. "Maman honorable, nikupeleke muji?"

"Asante, Président. Miguu inanitosha mpaka ku moto, pikipiki za njiani."

Jeep ikaenda, ikatuachia vumbi lake. Tulifunga macho sote wawili. Nilipofungua, alikuwa ameanza kupanda njia, viatu bado mukononi. Nikadhani hatageuka. Moto moja ilikuwa inashuka, akaisimamisha, akapanda kwa upande kama wamama wanavyopanda, akakusanya libaya magotini. Halafu akamushika dereva bega, angoje.

Sasa, wakati naandika hivi, uchaguzi umepita. Sura yake ilibandikwa katika muji wote, na mvua imeisha kuitoa. Sitakuambia kura zilikuwa ngapi. Wale wanaozihesabu wana mahesabu yao, na mimi nina yangu. Nyumba iko pale juu katika migomba. Watu wanaotoka Mumosho wananiambia ina madirisha mazuri, lakini kwenye mulango ametundika kikwembe tu, hajatafuta menuisier. Gaston anasema nioe musichana wa kwetu, yuko tayari, ni mupole, hana mudomo. Ninamujibu nitafikiri, na kila asubuhi nafika ku atelier nimechelewa, juu nimepita njia ndefu, ile ya soko.

Ila siku ile, pale juu ya moto, vumbi likiwa bado hewani na Ruzizi inapiga kelele chini yetu, alinitazama kwa macho yale yanayokungoja umalize hata kama hujaanza, akaniuliza neno ambalo mpaka leo sijalijibu:

"Stani, mimi nilishahama kwa ajili ya mwanaume, na nilikuwa tayari kuhama tena. Wewe, kwa ajili yangu, ungekubali kuitwa mutu wa Mumosho?"